Laptopu imejaa? Jua inakubali diski gani kabla ya kushuka Luthuli

Laptopu nyingi zinazouzwa Moi Avenue na Luthuli Avenue jijini Nairobi zimekwisha kufanya kazi maofisini ng'ambo, zile tunazoziita ex-UK: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara na bei yake inavumilika. Tatizo lake ni diski. Kampuni iliyokuwa ikiweka kazi zake zote kwenye seva haikuwa na haja ya diski kubwa, kwa hiyo mashine inakufikia na GB 256, nyingine GB 128. Ukishaweka Windows, Office na picha za harusi mbili tatu, ule mstari wa buluu kwenye This PC unageuka mwekundu.

Kuongeza nafasi si kazi ngumu. Mwenye mkono mtulivu anaimaliza jioni moja. Kinachowagharimu watu ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda: wananunua diski, kisha wanafungua mashine na kukuta haina mahali pa kuitia. Hapa tunaanza na mashine, duka baadaye. Maelezo ni ya Windows, maana ndiyo inayopatikana kwenye nyingi ya mashine hizi.

Hatua ya 1: Toa takataka

Fungua Settings, ingia System, kisha Storage, uipe muda ihesabu. Bonyeza Temporary files uone kilichorundikana. Ukikuta Previous Windows installation, hayo ni masalia ya Windows ya awali baada ya sasisho kubwa. Yanaweza kula GB nyingi, na kama mashine inaenda vizuri huyahitaji. Usiweke tiki kwenye Downloads kabla ya kuipitia folda yenyewe, kwa sababu ndimo vyeti vya PIN ya KRA na barua za kazi za watu wengi vinamolala bila wenyewe kukumbuka.

Wapo wanaoshauri uzime hibernation (mashine kuhifadhi kazi kwenye diski kabla ya kuzima) kwa amri ya powercfg /h off ili lile faili la hiberfil.sys lifutike. Ni kweli utapata GB kadhaa. Lakini kwa mashine yenye betri iliyochoka, mtaani ambako stima hupotea bila hodi, hibernation ndiyo inayookoa kazi yako betri ikifika mwisho. Mimi ningeiacha ilivyo.

Ukimaliza hapo na bado hupumui, endelea.

Hatua ya 2: Jua mashine yako inakubali nini

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, ubonyeze Enter. Kwenye System Model utaona jina kamili. Liandike lote, pamoja na hiyo G3 au G5 ya mwisho, maana EliteBook 840 G3 na 840 G5 ni mashine mbili tofauti ndani ingawa jina linakaribiana.

Kwa jina hilo, tafuta mwongozo wa ufundi kwenye tovuti ya mtengenezaji. HP huuita Maintenance and Service Guide, Lenovo huuita Hardware Maintenance Manual, na Dell huuita Service Manual. Ni wa bure, ni PDF, na una michoro inayoonyesha kila skrubu. Sijui kwa nini watu hulipa ushauri dukani ilhali huu upo.

Unachotafuta humo ni aina ya diski na idadi ya sloti, yaani mahali pa kuchomeka diski. Aina ni hizi.

Ya kwanza ni diski ya inchi 2.5 ya SATA, ile ya umbo la kijisanduku bapa. Laptopu nyingi za zamani kidogo zinaitumia. Ndani yake kunaweza kuwa na diski ngumu ya kuzunguka au SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Umbo na soketi ni zilezile, kwa hiyo unaweza kutoa moja ukatia nyingine. Angalia unene tu: SSD karibu zote ni milimita 7, na kama nafasi ilitengenezewa milimita 9.5, unaziba pengo kwa kifremu chembamba cha plastiki ili isicheze.

Ya pili ni M.2, kijibao chembamba kinacholala kwenye bodi. Hapa ndipo penye mitego. Nambari 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. 2242 ni urefu wa 42, na 2230 ni urefu wa 30. Sloti iliyotengenezewa 2242 haitameza 2280. Kisha kuna lugha inayozungumzwa na diski yenyewe: M.2 nyingine ni za SATA, nyingine ni za NVMe. Ukiitazama sehemu ya dhahabu inayoingia kwenye sloti, ya SATA kwa kawaida ina pengo mbili, ya NVMe ina pengo moja. Kuna sloti zinazokubali zote mbili, na kuna zinazokubali moja tu. Diski inaweza kuingia vizuri kabisa, skrubu ikakaza, na mashine isiione. Mwongozo wa ufundi ndio unaokata maneno, wala si muuzaji.

Ya tatu ni mSATA, ndogo, ya laptopu za miaka ya 2011 hadi 2014 hivi. Ukikuta mashine yako ni ya kundi hili, bado diski zake zinapatikana ila chaguo ni chache.

Halafu kuna mashine ambazo diski yake imechomelewa kwenye bodi. MacBook Air za kuanzia 2018 ni hivyo. Laptopu nyingi ndogo za bei nafuu zenye eMMC (chipu ya kuhifadhi) ya GB 32 au 64 nazo ni hivyo. Hizo usizifungue kwa ajili ya diski. Ruka hadi hatua ya 7. MacBook Air za kabla ya 2018 diski yake inatoka, lakini soketi ni ya Apple peke yake, kwa hiyo diski ya kawaida ya M.2 haingii bila adapta.

Baada ya kujua aina, hesabu sloti. EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina sloti ya M.2 na pia nafasi ya diski ya inchi 2.5. Ukikuta moja imejaa na nyingine iko wazi, una bahati: unaongeza diski ya pili na ya kwanza huigusi. Chungulia tu kama kebo bapa na fremu ya kushikia diski vimo, maana kwenye mashine za mtumba mara nyingi vimekwisha kutolewa, na itabidi uviulize dukani kwa jina la modeli. Na kama laptopu yako bado ina DVD ambayo hukumbuki mara ya mwisho uliitumia lini, kuna fremu inayoingia mahali pake na kubeba diski ya SATA. Zipo za milimita 9.5 na za 12.7; pima kabla.

Kuhusu kasi, usiuziwe usichokihitaji. SSD ya SATA inafika karibu MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha 3 karibu 3,500, na ya kizazi cha 4 karibu 7,000. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote utaiona tofauti siku hiyohiyo. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa mtu wa Word, Excel na kivinjari, utaiona kwenye karatasi tu. Na diski ya kizazi cha 4 ndani ya sloti ya kizazi cha 3 itakimbia kwa kasi ya sloti, kwa hiyo pesa ya ziada umeiacha dukani.

Hatua ya 3: Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Nenda asubuhi, siku ya kazi, wakati duka halina foleni, kwa sababu utataka muda wa kupima. Beba laptopu yako, au ya rafiki, ikiwa na programu ya CrystalDiskInfo, inayosoma hali ya diski. Ni ya bure.

Udanganyifu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni flashi na diski za nje zilizoandikwa TB 2 au TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: ukiichomeka, Windows inaona TB 2 kweli. Unanakili, inakubali, majina ya faili yanaonekana. Ukifika pale nafasi halisi inapoishia, inaandika juu ya vilivyotangulia au inavitupa kimyakimya. Mtu anagundua siku anapofungua video na haichezi.

Wa pili ni diski iliyotumika kuuzwa kama mpya, imefutwa vumbi na kutiwa kwenye plastiki. Hii inafichuliwa na CrystalDiskInfo kwa sekunde chache. Mazungumzo ya kaunta huenda hivi:

"Boss, hii ni orijino, warantii mwaka mzima."

"Sawa mkubwa. Hebu tuichomeke hapa kwanza, nione imetembea masaa mangapi."

Muuzaji mwenye bidhaa safi anaichomeka kwenye kesi ya USB (kijisanduku cha kuunganisha diski kwa kebo) bila maneno mengi. Tazama Power On Hours: diski mpya huonyesha sifuri au namba ndogo sana. Ikionyesha masaa 9,000, hiyo imekaa kwenye mashine ya mtu zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa, na bei inapaswa kuwa ya mtumba. Tazama pia Health Status (afya ya diski) na Total Host Writes (jumla ya data iliyokwisha kuandikwa humo). Kuna kesi za USB ambazo hazipitishi habari hizi, omba nyingine. Muuzaji akikataa kabisa kupima, mshukuru utoke, maana jirani yake ana bidhaa ileile.

Chukua risiti iliyoandikwa serial number ya diski yenyewe, si neno "SSD" peke yake. Ukilipa kwa M-Pesa, ile meseji yenye jina la biashara na tarehe usiifute mpaka waranti iishe. Na kama ni M.2, muulize muuzaji akupe kijiskrubu chake, kwa sababu mashine nyingi za mtumba hazina.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chochote, ipime diski yote. Kwa Windows kuna H2testw. Kwa Linux na Mac kuna F3. Zinaijaza diski tupu kwa data, kisha zinaisoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Kwa TB 1 kupitia USB itachukua masaa, kwa hiyo iache usiku. Ikileta makosa, unarudi dukani kesho yake na ushahidi mkononi.

Na usishtuke ukiona TB 1 imekuwa GB 931, au 512 imekuwa 476. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hapo hujaibiwa.

Hatua ya 4: Nakala, halafu ufunguo

Nakili kazi zako muhimu kwenye diski nyingine. Hili halina njia ya mkato.

Kisha angalia kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data kwa ufunguo. Kwenye Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, inaweza kuwa imewashwa bila wewe kuambiwa. Ingia aka.ms/myrecoverykey ukiwa na simu, unakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kisha simamisha BitLocker kabla ya kuendelea. Ingia pia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa inapowaka kabla ya Windows, kwa F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uone kama inadai nenosiri la kampuni iliyokuwa nayo. Ni afadhali ulijue hilo sasa ungali unaweza kumrudia aliyekuuzia laptopu.

Kama una sloti ya pili iliyo wazi, ruka hadi hatua ya 5. Kama sloti ni moja, una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuhamisha diski nzima kama ilivyo. Unahitaji kesi ya USB ya kuitia diski mpya. Ya SATA na ya NVMe ni tofauti, taja unayotaka. Clonezilla inafanya kazi hiyo bure ila sura yake ni maandishi matupu. Rescuezilla ni ileile kazi kwa sura ya vitufe. Unaianzisha kutoka kwenye flashi, unachagua diski ya kutoka na diski ya kwenda. Hapo soma mara mbili: ukizigeuza, unanakili utupu juu ya kazi zako. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Chomeka chaja, na kama betri yako haishiki, usianze saa za jioni stima inapocheza.

Njia ya pili ni kuweka Windows upya. Pakua Media Creation Tool ya Microsoft, tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi. Leseni ya kidijitali imefungamana na bodi, hivyo ukiweka toleo lilelile, Pro kwa Pro, inajiwasha yenyewe ukiingia mtandaoni. Mimi napenda njia hii kwa mashine ya mtumba, kwa sababu inaondoa na mabaki ya duka. Isitoshe, msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama laptopu yako ina Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kama ThinkPad T480, weka Windows 11 moja kwa moja. 840 G3 ina kizazi cha 6, haimo kwenye orodha rasmi. Mwenye nayo afikirie Linux Mint, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows.

Hatua ya 5: Kufungua

Zima mashine huku umeshikilia Shift unapobonyeza Shut down, ili izime kikweli. Chomoa chaja. Tafuta meza yenye mwanga, bisibisi ya nyota ya PH0, na kadi ya benki iliyokwisha muda ya kuachanisha kifuniko. Kisu kiache jikoni.

Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke au ibandike kwa selotepu pale ilipotoka. Urefu wake hutofautiana kwa makusudi. Skrubu ndefu kwenye tundu fupi huchomoza upande wa kibodi. Kwenye mashine nyingi za ofisi skrubu hazitoki kabisa, zinalegea tu na kubaki kwenye kifuniko. Usizilazimishe.

Gusa chuma, fremu ya dirisha hata, kabla ya kugusa bodi, hasa Januari na Februari hewa ikiwa kavu na una sweta ya sufu. Kisha tenganisha betri kwa kuvuta soketi yake, si nyaya. Kwenye ThinkPad kama T480 betri ya ndani inazimwa kutoka BIOS, kwenye Config kisha Power, kabla hujafungua.

Kwa M.2, ondoa skrubu ya mwisho wake na kijibao kitajiinua chenyewe. Kivute taratibu. Ingiza kipya kwa mshazari, sukuma mpaka dhahabu yote iingie, kilaze chini, kaza skrubu bila kukamia. Ukikosa skrubu, usitumie gundi. Kwa inchi 2.5, hamisha fremu na skrubu zake nne kutoka diski ya zamani, kisha isukume kwenye soketi.

Rudisha betri, rudisha kifuniko, washa.

Hatua ya 6: Ionekane

Diski mpya ya pili haitatokea kwenye This PC, na watu wengi hapa huanza kumpigia muuzaji simu kwa hasira. Haijapewa umbo bado. Bonyeza Windows na X, chagua Disk Management, kubali kuianzisha kwa GPT, halafu bonyeza kulia kwenye nafasi tupu, New Simple Volume, NTFS, herufi D. Basi.

Ikiwa hata Disk Management haiioni, ingia BIOS. Isipokuwepo huko, haijakaa sawa au ni aina isiyokubaliwa. Ikiwa BIOS inaiona lakini kisakinishi cha Windows hakiioni, mara nyingi ni Intel RST au VMD, mifumo ya Intel ya kusimamia diski: pakua draiva yake kwenye tovuti ya mtengenezaji, iweke kwenye flashi, bonyeza Load driver. Usibadilishe hali ya diski kwenye BIOS kiholela ukiwa na Windows inayofanya kazi; itakataa kuwaka.

Uliyehamisha diski nzima, washa mara ya kwanza bila kuchomeka ile ya zamani, kwa sababu zote mbili zina kitambulisho kimoja. Ukikuta nafasi mpya imekaa mwishoni na Extend Volume haibonyezeki, ni kwamba sehemu ya Recovery imeziba katikati. GParted, programu ya bure ya kupanga sehemu za diski, inaisogeza.

Kwa diski ya pili, hamisha Documents, Pictures na Videos kwa kubonyeza kulia, Properties, Location, Move. Usikate folda nzima ya Users ukaibandike D.

Hatua ya 7: Mashine isiyofunguka

Nunua SSD ya nje, uichomeke kwenye tundu la USB la buluu au la USB-C. Ipe exFAT kama inazunguka kati ya Mac na Windows, NTFS kama ni Windows tupu. FAT32 iepuke, haikubali faili la zaidi ya GB 4. Diski ya nje ya kuzunguka ni nafuu zaidi kwa TB nyingi, lakini usifanye nayo kazi ndani ya matatu ya Thika Road. Mtikisiko ukiikuta inazunguka, kichwa kinagonga sahani.

Diski ya zamani

Itie kwenye kesi ya USB na usiifute kwa wiki kadhaa, mpaka uhakikishe hakuna faili ulilolisahau. Baadaye iwe ya nakala. Ukiamua kuiuza, diski ya kuzunguka isafishe kwa diskpart na amri ya clean all, ukihakikisha umechagua diski sahihi. SSD itumie Secure Erase, amri inayoiambia ijifute yenyewe. Kwenye BIOS ya EliteBook imo tayari, na kwenye Latitude inaitwa Data Wipe. Fanya hivyo ikiwa bado ndani ya mashine, kwa sababu kupitia USB mara nyingi amri hiyo haifiki.